Gego liliniuma mpaka nikakosa usingizi, sasa limenyamaza. Je, bado nimwone daktari wa meno?

Swali:

“Daktari, nina miaka 34. Kwa miezi kadhaa gego langu la chini upande wa kulia lilikuwa likishtuka nikinywa maji baridi, kisha linatulia. Sikujali. Mwezi uliopita maumivu yakabadilika. Yakawa yanakuja yenyewe, hasa usiku nikijilaza, jino linapwita mpaka sikioni, na kinywaji cha moto kilikuwa hakigusiki upande huo. Nilikesha kama siku tano. Nikameza vidonge vya antibayotiki vilivyokuwa vimebaki nyumbani, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikapaka mafuta ya karafuu. Asubuhi moja nikaamka, maumivu hayapo kabisa. Sasa ni wiki ya tatu. Ila nikitafuna upande huo nahisi kama jino limerefuka, na kwenye ufizi kuna kijipu kidogo kinachokuja na kupotea. Ndugu zangu wananiambia aliyelala usimwamshe. Wengine wanasema daktari hawezi kugusa jino lenye usaha mpaka lipoe. Nami naogopa kuambiwa ling'olewe. Je, nimepona? Na mtu atajuaje maumivu ya kusubiri na yale ya kukimbilia kwa daktari?”

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na lile unalolisubiri: hapana, hujapona. Kwa maelezo yako, linaloelekea zaidi ni kwamba kiini cha gego hilo, yaani nyama hai iliyo katikati ya jino, kimekufa, na maambukizi yaliyokuwa ndani ya jino yameteremka hadi kwenye mfupa unaozunguka ncha ya mzizi. Siwezi kulithibitisha bila kukuangalia kinywani na kupiga picha ya eksirei. Lakini mfuatano ulioueleza, kutoka maji baridi hadi usiku wa kupwita, kisha kimya cha ghafla, kisha kijipu, kila daktari wa meno anaujua. Mwone daktari ndani ya siku chache zijazo. Si jambo la kukimbilia usiku huu, isipokuwa zitokee dalili nitakazozitaja huko mbele, lakini wala si la kungoja mpaka liume tena.

Ndugu zako hawakutakii mabaya. Wanasema wanachokiona kwenye mwili mwingine wote: kidonda kikiacha kuuma, huwa kinapona. Jino haliendi hivyo, na sababu iko katika namna lilivyoumbika.

Sehemu ya nje ya jino, ile nyeupe inayong'aa, ni enameli. Ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na haina neva hata moja. Ndiyo maana tundu linaloanza kwenye enameli haliumi, na mtu anaweza kukaa nalo muda mrefu bila kujua. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na imejaa vijia vyembamba sana visivyoonekana kwa macho, vyenye majimaji, vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa, ndani ya chumba kilichozungukwa na dentini pande zote, ndimo kinamokaa kiini: nyama hai yenye mishipa ya damu na neva. Kiini kinapata damu yake kupitia uwazi mdogo mno kwenye ncha ya mzizi. Tafadhali kumbuka chumba hicho na uwazi huo, kwa maana karibu kila kitu kilichokupata kinatokana navyo.

Tundu lenyewe halichimbwi na mdudu. Imani ya mdudu anayetafuna jino ni ya kale sana, imepatikana kwa mataifa mengi, na ilikuwa tayari imekataliwa na daktari Mfaransa Pierre Fauchard katika maandishi yake ya mwaka 1728. Mwaka 1890, W. D. Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, alieleza kinachotokea: bakteria wa kinywani wanakula sukari na wanga uliobaki kwenye meno, wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Kila ukila kitu chenye sukari, asidi hupanda kwenye ukoga unaoganda juu ya jino, na mate huchukua muda kuituliza na kurudisha madini yaliyopotea. Kwa hiyo mtu anayekunywa kinywaji kitamu kidogo kidogo kutwa nzima anayadhuru meno yake kuliko anayekinywa chote mara moja pamoja na chakula. Jambo hili watu wengi hawaambiwi, na linafaa kuliko mengi wanayoambiwa.

Sasa turudi kwenye gego lako. Lile shtuko la maji baridi lilikuwa taarifa ya kwanza. Tundu lilikuwa limeshavuka enameli na kufika kwenye dentini. Maji baridi yaligusa vijia vile, majimaji yaliyomo yakasogea, neva ikasikia. Maumivu ya aina hiyo ni makali lakini ya mpito: kinachoyaamsha kikiondoka, nayo huondoka ndani ya sekunde chache. Hapo kiini kimewashwa, lakini bado kizima. Daktari angesafisha sehemu iliyooza na kuliziba, na kwa kawaida kiini kingetulia chenyewe. Nalisema hili kwa ajili ya wengine wanaosoma, ambao huenda wako kwenye hatua hiyo leo na wanajiambia kwamba bado haijafikia kiwango cha kwenda hospitali. Hiyo ndiyo hatua rahisi kuliko zote, kwa jino na kwa mfuko.

Hatua ya pili ni zile siku tano zako. Bakteria walikuwa wamekifikia kiini, nacho kikavimba. Kidole kikiumia kinavimba, ngozi inatanuka, kinapata nafasi. Kiini cha jino hakina pa kutanukia. Kiko ndani ya kuta ngumu, damu inazidi kuingia, shinikizo linapanda na kuminya neva zilizomo humo humo. Ukijilaza, damu kichwani inaongezeka kidogo na shinikizo linapanda zaidi, ndiyo maana usiku ulikuwa mbaya na jino lilipwita kwa mapigo ya moyo. Joto linazidisha. Wapo wanaofika kliniki wakiwa na chupa ya maji baridi mkononi, wanapiga funda kila baada ya dakika chache kwa sababu baridi ndiyo pekee inayowapa nafuu. Mgonjwa akiingia hivyo, nusu ya utambuzi umekamilika kabla hajaketi.

Kuhusu sikio: neva zinazopeleka habari za meno ya chini na zile za maeneo ya karibu na sikio zinaungana kwenye njia moja kuelekea ubongo, na ubongo hukosea kujua habari imetoka wapi. Kiini chenyewe pia ni hodari wa kusikia maumivu lakini dhaifu wa kuonyesha mahali. Mgonjwa anaweza kuapa kwamba linalouma ni jino la juu, kumbe ni la chini upande ule ule. Ni nadra sana maumivu haya kuvuka kutoka kulia kwenda kushoto, lakini kati ya juu na chini hupotea njia mara nyingi. Ndiyo sababu usikubali jino ling'olewe kwa kuonyesha kidole tu, bila kupimwa.

Halafu ikaja asubuhi ile ya kimya. Kiini kilichobanwa hivyo kinafika mahali damu haiingii tena, na nyama isiyopata damu hufa. Neva nazo hufa pamoja nacho. Kilichokuwa kinapiga kelele hakipo tena. Vidonge ulivyomeza vikapewa sifa, karafuu ikapewa sifa, lakini huenda maumivu yangekwisha siku ile ile hata usingemeza chochote.

Maambukizi hayakufa. Sasa bakteria wana chumba kizima cha nyama iliyokufa, hakuna damu inayoleta kinga ya mwili mle ndani, na njia pekee ya kutokea ni ule uwazi wa kwenye ncha ya mzizi. Wanapotokea upande wa pili wanakutana na utando mwembamba unaoshikilia jino kwenye mfupa. Utando huo nao huvimba, na ukivimba unalisukuma jino juu kiasi kidogo sana. Kinywa ni chepesi mno kuhisi tofauti, hata ya unene wa unywele. Hivyo unavyohisi kwamba jino limerefuka si mawazo yako. Na utando huu, tofauti na kiini, unajua kuonyesha mahali: sasa unaweza kusema bila shaka ni jino gani.

Kijipu kwenye ufizi ni mdomo wa njia ambayo usaha umejichimbia kupitia mfupa ili utoke. Kwa kuwa umepata pa kutokea, shinikizo halijengeki, ndiyo maana hakiumi. Kinajaa, kinapasuka, pengine unasikia ladha mbaya kinywani, kinafunga, kinajaa tena. Kinaweza kuendelea hivyo kwa miezi hata miaka, huku mfupa wa ndani ukiendelea kuliwa taratibu. Usikiminye wala kukitoboa kwa sindano. Hutakuwa umeondoa chanzo, utakuwa umeongeza uchafu.

Niseme kidogo kuhusu antibayotiki, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi na linaloniumiza moyo. Dawa ya kumeza inasafiri kwa damu. Kiini kilichokufa hakina damu. Dawa haifiki pale bakteria walipojificha. Na wakati kiini kilipokuwa hai na kimevimba, tatizo lilikuwa shinikizo na uvimbe, jambo ambalo antibayotiki haiondoi. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri antibayotiki zisitumike kwa maumivu mengi ya meno ya watu wazima wenye kinga nzuri ya mwili, pale ambapo matibabu ya jino lenyewe yanapatikana. Dawa hizi zina nafasi yake: maambukizi yakianza kusambaa, kuna homa, uso unavimba, mwili mzima unajisikia mgonjwa, au mtu ana kinga dhaifu. Hata hapo zinasaidiana na kazi ya daktari, hazichukui nafasi yake. Vidonge vilivyobaki nyumbani vina ubaya zaidi: si dozi kamili, pengine si aina inayofaa, na vinawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo siku moja utaihitaji kweli.

Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni salama, yanasafisha na kutuliza ufizi, endelea nayo ukipenda. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eugenoli ambayo kweli inatia ganzi, na hata sisi tunaitumia katika baadhi ya vifaa vya kuzibia kwa muda. Ila yakimwagika mengi kwenye ufizi yanaunguza. Tone moja kwenye kipande cha pamba, kikawekwa kwenye tundu, kinatosha. Aspirini kamwe usiiweke juu ya ufizi. Inachubua nyama, na unaishia kuwa na vidonda viwili badala ya kimoja.

Maumivu yakirudi kabla hujamwona daktari, kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni na parasetamoli kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 1,200 kwa saa 24 bila maelekezo ya daktari. Parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila saa 6, isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24, na uangalie dawa zako nyingine za mafua au maumivu kama nazo zina parasetamoli ndani, maana wengi huzidisha bila kujua. Ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala wajawazito. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza kabla ya parasetamoli. Watoto hupewa dozi kwa uzito wao, na wasipewe aspirini. Kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili husaidia, kwa sababu ile ile ya damu niliyoitaja.

Sasa lile la kwamba daktari hagusi jino lenye usaha. Si kweli, na imani hii imewapeleka watu wodini. Usaha uliobanwa hutibiwa kwa kuutoa. Kufungua jino, kupasua jipu, au kuling'oa ndiyo matibabu yenyewe, na kuyasubirisha ni kuuacha moto ukiwaka. Ukweli uliomo ndani ya imani hiyo ni mmoja: kwenye nyama yenye maambukizi makali ganzi hufanya kazi kwa shida zaidi, na jino la chini la nyuma lenye kiini kilichowaka ndilo gumu kuliko yote kulitia ganzi. Lakini daktari ana njia. Anaweza kuchoma sindano mbali zaidi, mahali neva inapoingia kwenye taya, au kuongeza sindano nyingine kando ya jino. Mwambie mapema kwamba unaogopa, na mkubaliane ishara: ukiinua mkono, anasimama. Ni haki yako. Na kwa hali yako ya sasa, ambapo kiini kimekufa, kazi mara nyingi huwa tulivu kuliko ambavyo ingekuwa katika zile siku tano.

Ukifika, haya ndiyo yatakayofanyika. Daktari atagonga meno yako moja moja, polepole, kwa mpini wa kioo chake kidogo, na utashangaa jinsi moja litakavyojibu tofauti na wenzake. Ataweka kipamba chenye ubaridi mkali juu ya jino jingine lisilo na tatizo kwanza, ili ujue baridi inavyohisiwa, kisha juu ya lile gego. Jino lenye kiini kizima hushtuka na kutulia. Lenye kiini kilichowaka hushtuka na maumivu yakakaa. Lililokufa halisemi kitu. Kisha eksirei: mara nyingi kwenye ncha ya mzizi huonekana kivuli cheusi, mahali ambapo mfupa umeliwa. Pengine ataingiza kijiti chembamba laini kwenye kijipu na kupiga picha kikiwa ndani, na kijiti kitaonyesha mpaka kwenye mzizi wenye hatia.

Kama kuna shinikizo ndani, kuna dakika moja ambayo wagonjwa huikumbuka. Dari ya kile chumba inapotobolewa, harufu nzito inatoka, tone la usaha na damu linachomoza kwenye tundu, na mabega ya mgonjwa yaliyokuwa yamekaza yanashuka yenyewe. Mara nyingi nafuu huanza pale pale kwenye kiti.

Baada ya hapo una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kutibu mzizi: daktari anaondoa kiini kilichokufa, anasafisha mifereji ya mizizi yote, anaijaza na kuifunga. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu au minne, kwa hiyo ni kazi ya uvumilivu, ziara moja au zaidi. Baadaye gego hilo linapaswa kufunikwa kwa kofia ya jino, kwani limebaki dhaifu na linaweza kupasuka unapotafuna. Watu wengi hulipa gharama ya kutibu mzizi, kisha hawarudi kwa kofia, na jino linavunjika. Kama unachagua njia hii, ichague yote. Likifanywa vizuri, jino huwa linadumu miaka mingi, na mfupa ulioliwa hujijaza tena taratibu.

Ya pili ni kung'oa. Ni haraka, inaondoa chanzo cha maambukizi moja kwa moja, na gharama yake ya leo ni ndogo. Gharama yake ya kesho ni pengo: meno ya jirani huegemea humo, jino la juu lililokosa mwenzake hushuka, na kutafuna kunahamia upande mmoja. Kuna mahali ambapo kung'oa ndilo jibu sahihi, na daktari mwaminifu atakuambia: jino lililooza mpaka chini ya ufizi hata halina pa kushikia kizibo, lililopasuka wima mpaka kwenye mzizi, au lililolegea kwa sababu mfupa umekwisha. Kama hali yako si mojawapo ya hizo na uwezo upo, mimi ningejitahidi kulibakiza gego hilo. Kama uwezo haupo, kung'oa ni bora mara nyingi kuliko kuliacha. Usione aibu kuulizia bei za njia zote mbili kabla ya kazi kuanza. Na usihofu kwamba kung'oa jino kunaharibu macho au akili; neva za meno na za kuona ni njia mbili tofauti.

Uliuliza pia mtu atajuaje. Si kila jino linalouma lina tundu, na daktari atafikiria mengine kabla ya kuamua. Meno mengi yanayoshtuka kwa baridi kwa pamoja, bila tundu, mara nyingi ni fizi zilizorudi nyuma na kuacha mzizi wazi, pengine kwa kupiga mswaki kwa nguvu mno. Dawa ya meno ya kupunguza mshtuko na mswaki laini hutosha kwa wengi. Maumivu ya ghafla unapotafuna kitu kigumu, na hasa pale unapoachia meno baada ya kuuma, yanaashiria ufa. Ufa huu ni msumbufu kuutambua, hauonekani vizuri hata kwenye eksirei, na wenye jino la namna hii huzunguka muda mrefu wakiambiwa hawana kitu. Kama ndiyo hali yako, sema neno hilo, “nikiachia ndipo linauma”, litamsaidia daktari sana. Kijana wa miaka kati ya 17 na 25 mwenye maumivu nyuma kabisa ya taya na kinywa kinachofunguka kwa shida, huenda gego la mwisho linaota na ufizi unaolifunika umepata maambukizi. Aliyeng'olewa jino siku mbili hadi nne zilizopita na maumivu yakazidi badala ya kupungua, pengine donge la damu limetoka na kuacha mfupa wazi. Arudi kwa daktari wake, hutibiwa kwa urahisi. Wanaosaga meno usingizini huamka taya limechoka na meno kadhaa yakiuma kidogo kidogo.

Na kuna maumivu yanayokaa kwenye meno lakini si ya meno. Magego ya juu yote ya upande mmoja yakiuma pamoja, pua imeziba, na ukiinama yanazidi, fikiria sainasi, yaani uvimbe kwenye mianya ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso. Maumivu kama shoti ya umeme ya sekunde chache, yanayoamshwa na kugusa tu shavu au kupiga mswaki, yanaweza kuwa ya neva ya uso, na watu wamepoteza meno mazima kwa kosa hilo. Zaidi ya yote: taya la chini linalouma ukipanda ngazi au ukifanya kazi nzito na kutulia ukipumzika, au linalouma pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, ni moyo mpaka ithibitishwe vingine. Huyo haendi kwa daktari wa meno. Anakwenda hospitali mara moja.

Kwa jino lenyewe, mimi hupima haraka hivi. Mshtuko wa sekunde chache kwa baridi au kitamu: weka miadi ndani ya wiki chache, usiyasahau. Maumivu yanayobaki baada ya baridi au moto kuondoka, yanayokuja yenyewe, yanayokuamsha usiku, au yanayodumu zaidi ya siku moja au mbili: siku chache. Jino lililouma sana kisha likanyamaza, kijipu kwenye ufizi, jino linaloonekana refu au linalobadilika rangi kuwa la kijivu: siku chache vilevile, hata kama huna maumivu yoyote.

Hospitali leo hii, hata kama ni usiku wa manane, hata kama kliniki ya meno imefungwa: uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka chini ya taya na shingoni, kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika, ulimi kuinuliwa na uvimbe wa chini yake, kinywa kutofunguka, homa yenye kutetemeka, kupumua kwa taabu. Maambukizi ya magego ya chini, kama lako, ndiyo yanayoweza kuteremka kwenye sakafu ya kinywa na shingo, na uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Hali hii si ya kawaida, lakini imeua watu waliokuwa na jino moja tu bovu. Usipake kitu cha moto shavuni ukiwa na uvimbe. Usisubiri asubuhi.

Wenye kisukari wasingoje kama wengine. Maambukizi hupandisha sukari, na sukari ikipanda hulisha maambukizi. Mjamzito anaweza na anapaswa kutibiwa. Wiki ya 14 hadi ya 27 ndizo nafuu zaidi kwake kukaa kwenye kiti, lakini maumivu na maambukizi hutibiwa wakati wowote wa ujauzito, na ganzi ya kawaida ya meno ni salama kwake. Amwambie tu daktari tangu mwanzo. Na jino la utoto lisipuuzwe kwa kuwa litang'oka. Usaha wake unakaa jirani na jino la kudumu linaloota chini yake.

Mpaka siku ya miadi yako, tafuna upande wa kushoto, endelea kupiga mswaki upande wa kulia pia kwa upole, na usimeze antibayotiki nyingine yoyote. Ukifika, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, kwa mfuatano ule ule: lilianza na baridi, likaja la usiku, likanyamaza, kisha kijipu. Mtajie jina la vidonge ulivyomeza na ulivimeza siku ngapi, dawa nyingine unazotumia, na kama dawa yoyote imewahi kukudhuru. Mwombe aangalie na meno mengine, kwa maana kinywa chenye tundu moja kubwa mara nyingi kina mengine madogo ambayo bado hayajaanza kuuma, na hayo yanazibwa kwa muda mfupi tu.